Shajara ya paneli ya kisima: ishara nne, sifuri moja

Siku ya 1, Jumatatu

Tumefika kijijini saa nne asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kazi ni hii: kisima kirefu chenye pampu ya kuzama ya kW 7.5 inayoendeshwa na draivu ya VFD (kifaa kinachobadilisha kasi ya mota), tangi la zege juu ya kilima, na jumuiya ya watumia maji iliyochoka kubahatisha. Wanataka pampu ijizime tangi likijaa, isisubiri maji yamwagike ndipo watoto waje kupiga kelele. Wanataka pia kujua kila siku wamepandisha maji kiasi gani, ili hesabu ya ndoo za kwenye vilula ilingane na uniti za LUKU zilizoliwa.

Paneli si ngeni kwangu. Niliifunga mwenyewe mwaka juzi. Ndani yake kuna PLC, kompyuta ndogo ya kuendeshea mitambo, ya Siemens S7-1200, CPU 1214C, ambayo usoni ina chaneli mbili tu za analogi (za ishara zinazopanda na kushuka, si kuwaka na kuzima tu), zote za 0–10 V. Moja tayari imechukuliwa na sensa ya presha. Safari hii tumekuja na moduli ya nyongeza ya SM 1231 yenye chaneli nne za analogi.

Ishara zitakazoingia ni nne na kila moja ina tabia yake. Presha ya bomba hapo kwenye kichwa cha kisima inatoka kwenye sensa ya 0–16 bar inayotoa 0–10 V kwa nyaya tatu. Kina cha tangi kitapimwa na sensa ya kuzamisha ya 0–10 m, 4–20 mA (mkondo wa miliampia), nyaya mbili tu. Mita ya mtiririko ni ile ya sumaku, inakula 230 V zake na kutoa 4–20 mA pembeni. Draivu nayo inatoa 0–10 V kueleza inaizungusha mota kwa kasi gani. Ukitaka kumfundisha mtu analogi yote kwa wiki moja, mpeleke kwenye kisima kama hiki.

Nikamkuta mzee wa pampu amekaa kwenye kigoda chake kileile nje ya kibanda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja kuutoa ule ugonjwa?"

"Ugonjwa gani tena?"

"Dawa ikiingia kwenye maji, pampu inapunguza sauti. Dawa ikikata, inarudi. Nimewaambia wenzako mara mbili, wanacheka."

Nikamwambia tutaangalia. Nakiri kwamba na mimi nilicheka kidogo, kwa ndani. Klorini inahusianaje na kasi ya mota?

Siku ya 2

Siku ya karatasi. Kijana wangu hapendi siku za karatasi, anataka ashike bisibisi. Alikuja na wazo: "Dada, kwa nini tufunge moduli mpya? CPU ina chaneli moja imebaki. Tuweke rezista ya ohm 500, 4–20 mA igeuke 2–10 V, basi."

Si wazo baya, nimeshalitumia. Nikamwambia apige hesabu mpaka mwisho. Chaneli za CPU zina ukinzani wa ndani wa kama kiloohm 100, nao unakaa sambamba na rezista yetu. Ohm 500 zinakuwa 497.5, na mA 20 zinatoa 9.95 V badala ya 10. Hilo linarekebishika kwenye programu. Lisilorekebishika ni siku kebo ya tangi itakapopiga shoti huko juu: 24 V zote zitaikalia rezista, zaidi ya wati moja kwenye kidude cha robo wati. Itaungua, na chaneli itaona 24 V. Haitakufa, maana inavumilia mpaka 35 V, lakini rezista itakuwa imeacha doa jeusi na harufu. Tena chaneli za CPU ni za biti 10, na zinashirikiana sifuri moja, yaani kituo kimoja cha 0 V cha kupimia, iliyoandikwa 2M. Hilo la sifuri moja niliandika haraka haraka bila kulitia maanani. Nitarudi kwake.

Kwenye SM 1231 chaneli zinapangwa kwa jozi: 0 na 1 lazima ziwe za aina moja, volti au mkondo, vivyo hivyo 2 na 3. Kwa hiyo tangi na mtiririko wanaenda 0 na 1, kwa mkondo. Kasi ya draivu inakaa 3, kwa volti. Chaneli 2 nimeiacha wazi kwa sasa. Presha ibaki ilipo kwenye CPU, sitaki kugusa kinachofanya kazi.

Hesabu ya mzunguko wa tangi nayo niliipiga kabla ya kukata kebo. Mita 310 kwenda na 310 kurudi, shaba ya 0.75 mm²: kama ohm 14.5. Moduli yenyewe ina ohm 280 hivi. Kwenye mA 20 kebo inakula 0.3 V, moduli inakula 5.6 V, na kati ya 24 V zinabaki 18 kwa ajili ya sensa inayohitaji 10 tu. Tuna nafasi ya kutosha.

Siku ya 3

Kebo imefika tangini. Kutwa nzima ya jembe, mawe na mizizi ya mibuyu. Sina la kueleza zaidi.

Isipokuwa hili. Kebo ya sensa ya kuzamisha ina mrija mwembamba ndani yake unaopitisha hewa, ili sensa ipime uzito wa maji peke yake bila uzito wa anga. Kijana alitaka kuuziba kwa gundi "maji yasiingie". Ukiuziba, usomaji utapanda na kushuka kufuata hali ya hewa, na utakesha ukitafuta tatizo kwenye PLC. Mrija unaishia kwenye kisanduku cha kuungia kilicho juu ya tangi, pamoja na kimfuko cha chembe za kukaushia unyevu, na kisanduku chenyewe kinaruhusiwa kupumua. Sensa tumeining'iniza sentimita 15 juu ya sakafu, tope lisiimeze.

Siku ya 4

Nilimwachia kijana afunge mzunguko wa tangi mwenyewe, nami nikaenda kuzungumza na katibu wa jumuiya. Niliporudi nikamkuta anahema.

Multimita aliyoiweka kwenye mzunguko ilisoma 9.12 mA, imetulia kama jiwe. PLC ilikuwa inaonyesha namba zisizo na kichwa wala miguu.

"Dada, mkondo upo. Umeuona mwenyewe. Moduli ni mbovu."

Moduli haikuwa mbovu. Alikuwa ametoa 24 V, akapitisha kwenye chaneli 0 kwanza, ndipo zikaenda tangini na kurudi kwenye sifuri ya paneli. Kwa hoja ya mkondo hakukosea hata kidogo: katika mzunguko mmoja mkondo ni uleule kila mahali, kabla ya sensa na baada yake. Ndiyo maana multimita haikulalamika. Ila chaneli haijali tofauti ya vituo vyake viwili peke yake. Inajali pia vituo hivyo vimeinuka kiasi gani kutoka sifuri ya moduli. SM 1231 inavumilia kati ya −12 V na +12 V, ishara ikiwa imejumlishwa humo. Yeye alikuwa ameining'iniza kwenye 24 V, kama mtu anayepima urefu wa mtoto aliyesimama juu ya paa.

Tukapanga upya: 24 V kwenda + ya sensa, − ya sensa kurudi kwenye 0+ ya chaneli 0, na 0− yake kushuka kwenye M, sifuri ya paneli. Sasa chaneli inakaa chini kabisa ya mzunguko, na juu yake hakuna kinachozidi 5.6 V. Namba ikatokea: 8847.

Hapo kijana akataka maelezo ya hiyo 8847. Kwenye mitambo hii, 4 mA ni 0 na 20 mA ni 27648. Tukatoa 4 kwenye 9.12, tukagawa kwa 16, tukapata 0.32, na 0.32 ya 27648 ni 8847. Sensa ni ya mita 10, kwa hiyo maji yako mita 3.20 juu yake.

Mzee wa pampu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akasema, "Si kweli. Leo asubuhi yalikuwa tatu na robo ikazidi." Ana fimbo ya mwanzi aliyoichora alama kwa kisu kila sentimita tano, huishusha tangini kila alfajiri. Tukapanda naye kilimani. Fimbo ilisoma 3.35. Zile sentimita 15 za tope! Nilizipima mimi, nikaziandika mimi, nikasahau kuziingiza kwenye programu. Fimbo ya mwanzi ikanirudisha darasani.

Siku ya 5

Mita ya mtiririko. Hapa ndipo wengi huunguza vitu, kwa sababu kwa macho haina tofauti na sensa ya tangi: vituo viwili, kimoja +, kingine −, pembeni imeandikwa 4–20 mA. Tofauti ni nani anayesukuma. Sensa ya nyaya mbili haina umeme wake, inasubiri 24 V za paneli na kazi yake ni kubana tu. Hii ya kwetu ina umeme wake na inausukuma mkondo yenyewe. Ukiipelekea 24 V kutoka paneli umewapiganisha mafahali wawili.

Kitabu cha maelekezo kilisema utoaji wake unaweza kupangwa kwa namna zote mbili, na mimi sikuwa na uhakika uliowekwa kiwandani ni upi. Nikafungua vituo, nikaacha bila kuunganisha kitu, nikaweka multimita kwenye volti za DC. Zaidi ya 20 V zilikuwepo hapo, zinatoka kwenye mita yenyewe. Basi, inasukuma. Vingekuwa kimya ningejua inasubiri kulishwa. Dakika moja ya kupima.

Kwa hiyo + ya mita imekwenda 1+ na − yake imekwenda 1−, bila 24 V yoyote katikati. Ikasoma, lakini usomaji ulikuwa unateleza polepole, kama mtu anayesinzia. Utoaji wa mita hiyo umetengwa na ardhi na umetengwa na paneli, unaelea tu hewani. Kilichokosekana ni waya mmoja mfupi kutoka 1− mpaka M, kuufunga kamba usielee. Ukatulia palepale.

Halafu kioo cha mita kilionyesha 12 m³ kwa saa na PLC ikaonyesha 4.8. Hili si la nyaya. Mita ilipangwa 20 mA iwe 100 m³/h, mimi niliandika 40 kwenye programu. Nikaishusha mita iwe 40, maana pampu hii haitafika mia hata ikiota.

Siku ya 6

Siku ya ugonjwa wa mzee.

Asubuhi nilikaa naye kwenye kigoda cha pili tukisikiliza. Kila robo saa, vali ya umeme inafunguka dakika mbili kuingiza klorini kwenye bomba. Na kweli, vali ikilia *tak*, sekunde chache baadaye sauti ya draivu inashuka. Ikifunga, inapanda. Kwenye skrini nikaona sababu ya juu juu: presha inaruka kutoka bar 6 kwenda karibu 7 kwa mpigo mmoja, PLC inadhani bomba limejaa, inaiambia draivu ipunguze. Presha ya maji haiwezi kuruka hivyo. Geji ya mshale iliyoko kwenye bomba lenyewe haikutikisika.

Nikaweka pampu kwenye kasi moja ya mkono ili PLC isiingilie. Kijana nikamtuma kwenye kichwa cha kisima, mita 60 kutoka kibandani, na multimita yake. Mimi nikabaki na yangu mbele ya paneli. Simu sikioni.

"Vali imefungwa. Unasoma ngapi kati ya waya wa ishara na sifuri ya sensa?"

"Tatu nukta saba tano."

Mimi nilikuwa na 3.76.

"Naifungua vali. Sasa?"

"Tatu nukta saba tano, dada. Haijasogea."

Yangu ilikuwa 4.35.

Nikakaa chini. Sensa ilikuwa inasema kweli muda wote, kule kule ilipo. Uongo ulikuwa unazaliwa njiani. 3.75 V ni bar 6, na 4.35 V ni bar 6.96. Zile 0.6 V zilikuwa zinaongezwa na waya.

Nikafungua kifuniko cha kisanduku cha kisimani na kuangalia kebo. Kori nne, yaani nyaya nne ndani yake: moja inapeleka 24 V kwa sensa, moja inarudisha ishara, moja inapeleka 24 V za kuifungua vali, na ya nne ni sifuri. Sifuri moja kwa wote wawili. Vali ni ya wati 10, inakula 0.42 A. Waya wa 0.75 mm² wenye urefu wa mita 60 una ohm 1.4. Zidisha: karibu 0.6 V. Vali ikiwaka, sifuri ya sensa inanyanyuka 0.6 V juu ya sifuri ya paneli, na CPU, ambayo inapima kutoka 2M yake hapo hapo paneli, inaona ishara pamoja na hicho kiinuko.

Kebo hiyo niliivuta mimi. Nakumbuka kabisa: dukani zilibaki kori nne, nami nikajisifu kwamba nimeokoa kebo ya pili. Mwaka na zaidi pampu imekuwa ikipunguza maji dakika nane kila saa kwa sababu ya ubahili wangu, na mzee wa watu amekuwa akiwaambia mafundi wanacheka.

Nikamwambia, "Mzee, ugonjwa wako ni wa kweli. Na aliyeuleta ni mimi."

"Mimi nilijua ni wa kweli," akasema. "Sauti haidanganyi. Nywa chai kwanza."

Dawa ilikuwa rahisi kuliko nilivyostahili. Vali imepata kebo yake yenyewe ya kori mbili, kwenda na kurudi. Kori iliyoachwa na vali nimeigeuza kuwa waya wa kuchungulia: inaanza kwenye sifuri ya sensa na kuja mpaka paneli bila kubeba mzigo wowote. Presha nimeihamisha kutoka CPU kwenda chaneli 2 ya SM 1231, ishara kwenye 2+, waya wa kuchungulia kwenye 2−. Chaneli za moduli hii hupima tofauti kati ya vituo vyake viwili, na zina ukinzani wa megaohm kadhaa, kwa hiyo kwenye waya huo hakuna mkondo wa maana na bila mkondo hakuna volti inayopotea. Hata ule mkondo mdogo wa sensa yenyewe, uliokuwa ukileta ile 0.01 V, sasa unapita kwenye kori nyingine. Hili lisingewezekana kwenye CPU, maana pale sifuri ni 2M peke yake, upende usipende.

Tukafungua vali mara kumi. 3.75, 3.75, 3.75. Mzee alisikiliza nje ya mlango na kutikisa kichwa kukubali.

Siku ya 7

Jumapili. Tumepumzika. Kijana amelala mpaka saa sita mchana, mimi nimefua.

Siku ya 8

Kelele, ile ya umeme. Presha haikuwa inaruka tena, lakini pampu ikikimbia namba ilikuwa inatetemeka, bar 0.2 juu, 0.2 chini. Pampu ikisimama, kimya. Draivu inakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila waya ulio jirani unapata mgao wake. Kebo ya mota na za ishara zilikuwa zimelala kitanda kimoja ndani ya tranki, mfereji wa kupitishia nyaya. Tukazitenganisha: za ishara zimepanda ukuta wa kushoto, ya mota wa kulia, na pale zisipokuwa na budi kukutana zinakatana kwa pembe mraba. Mtetemo ukapungua zaidi ya nusu.

Sehemu iliyobaki ilikuwa kwenye shildi, ule wavu wa chuma unaozizunguka nyaya ndani ya kebo kuzikinga na kelele. Kwenye kebo ya tangi, kijana alikuwa ameifunga shildi huku paneli na huko juu kwenye nondo za tangi. Alisema alifanya hivyo kwa usalama. Tukapima kati ya shildi iliyoachwa wazi na eathi ya kule juu, pampu ikikimbia: 1.8 V za AC. Eathi mbili zilizo mita 300 mbali si eathi moja, na ukiziunganisha kwa shildi unazipa njia ya kupitishia mkondo wao sambamba kabisa na ishara yako. Tukaikata juu na kuizungushia tepu, ikabaki imefungwa paneli tu, kwa klampu inayoishika shildi yote kuizunguka. Sipendi ule mkia wa shildi uliosokotwa na kuburutwa sentimita ishirini mpaka kwenye skrubu.

Kebo ya mota yenyewe ni kinyume: shildi yake inafungwa pande zote mbili, kwenye draivu na kwenye kichwa cha kisima, maana yenyewe ndiyo mpiga kelele na tunataka kelele irudi nyumbani kwa njia fupi. Nimewahi kubishana na fundi mmoja juu ya hili mpaka chakula kikapoa.

Mwisho nikaingia kwenye mipangilio ya moduli. Kichujio kilikuwa kimewekwa 60 Hz. Umeme wetu ni wa 50 Hz. Nikakibadilisha. Ulainishaji, yaani kuchukua wastani wa sampuli kadhaa, nimeuacha kwenye hafifu, sampuli 4, kwa presha, kwa sababu draivu inaifuata na sitaki icheleweshwe. Kwa tangi nimeweka wa nguvu, sampuli 32. Maji ya tangi hayana haraka.

Chaneli 3, kasi ya draivu, ilichukua robo saa. Nusu mita ya jozi iliyosokotwa, ikafanya kazi mara ya kwanza. Zipo siku kama hizo.

Siku ya 9

Majaribio. Nimeazima kalibreta ya mA, kifaa cha kutoa mkondo unaoutaka kamili, kutoka kwa rafiki na nikaiweka mahali pa sensa ya tangi: 4, 8, 12, 16, 20. Tulitarajia 0, 6912, 13824, 20736, 27648. Tulichopata hakikupishana na hizo kwa zaidi ya vidole vya mkono mmoja.

Halafu tukaharibu makusudi, sehemu ambayo kijana huipenda. Kizuri cha kuanzia 4 badala ya 0 ni kwamba tangi tupu lina sauti yake, na waya uliokatika una sauti nyingine. Sensa nzuri ikijigundua ina kasoro hushuka mpaka 3.6 mA au chini ya hapo, au hupanda 21 au zaidi. Ndivyo pendekezo la NE 43 la NAMUR, chama cha watumiaji wa vifaa vya upimaji viwandani, linavyosema. Kwa namba zetu hizo ni −691 na 29376. Nimeandika kwenye programu: chini ya −691 au juu ya 29376, usiamini, washa taa nyekundu na usimamishe pampu. Kijana akachomoa waya wa tangi. Namba ikaruka nje ya mipaka, taa ikawaka, pampu ikasimama.

Akaja kuuliza la maana: "Na waya wa presha ukikatika? Ule unaanzia sifuri."

Ndiyo. 0 V ya bomba tupu na 0 V ya waya uliokatika zinaweza kufanana. Hapo hakuna ujanja wa namba. Nimeweka kanuni ya mkato: pampu ikikimbia zaidi ya 30 Hz kwa sekunde ishirini na presha bado iko chini ya bar 0.5, simama. Ama bomba limepasuka, ama waya umekatika, na yote mawili yanamtaka mtu aende akaangalie. Sensa hii ikifa siku moja, nitanunua ya 4–20 mA.

Siku ya 10

Vizuizi vya radi vimefungwa pande zote mbili za kebo ya tangi. Nimechora upya mchoro wote, safari hii nikiandika kwa kila ishara si chaneli yake tu bali na sifuri yake inarudi kwa njia ipi, na nani anausukuma mkondo. Nakala moja imegandishwa ndani ya mlango wa paneli, nyingine kwa katibu, ya tatu mzee ameomba. Akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati.

Siku ya 11

Alfajiri tumepanda kilimani na mzee. Fimbo 4.10, skrini 4.09. Akaniuliza kama fimbo sasa astaafishe. Nikamwambia aendelee kuishusha kila Ijumaa na aandike namba zote mbili kwenye daftari. Zikipishana zaidi ya sentimita tano anipigie. Akaniambia atapiga hata zikipishana tatu.

Kabla ya kushuka nimefungua kisanduku cha juu. Chembe za kukaushia bado ni za bluu, yaani hazijashiba unyevu. Nitarudi kuzitazama baada ya masika.